Laptopu ya zamani na matatizo ya umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Majibu haya ni kwa mwenye laptopu ya miaka mitano kwenda juu, hasa zile zilizoingia nchini zikiwa zimeshatumika: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad na nyingine za rika lao. Umeme una njia yake: ukutani, plagi, chaja, tundu, betri, kisha mazabodi (bodi kuu iliyo ndani ya laptopu). Ifuate kwa mpangilio huo, pima kabla hujanunua chochote, na usikubali kuambiwa "mazabodi imekufa" na mtu ambaye hata multimita (kifaa cha kupimia umeme) hajaishika.

Laptopu haiwaki kabisa, haina hata taa. Nianzie wapi?

Anzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama ina moto. Kama unatumia ekstensheni, iache kwanza. Nyingi za bei rahisi zina vibati vilivyolegea ndani, na laptopu huonekana mbovu kumbe plagi haijagusa.

Plagi yenyewe ya pini tatu ina fyuzi ndani. Ifungue kwa bisibisi, au vuta kile kidroo kidogo katikati ya pini, kisha ipime fyuzi ukiwa umeweka multimita kwenye mlio (sehemu inayolia njia ya umeme ikiwa nzima). Isipolia imekatika. Laptopu inatosheka na fyuzi ya ampea 3. Kuzungushia karatasi ya sigara badala ya fyuzi ni kutafuta moto ndani ya nyumba. Halafu jaribu waya mwingine kati ya plagi na boksi la chaja. Ule wenye kichwa cha matundu matatu unaingiliana kwa kampuni karibu zote, kwa hiyo azima wa jirani.

Ikiwa bado, mwaga umeme uliobaki ndani. Chomoa chaja, toa betri (kama ni ya ndani, fungua mfuniko wa chini uchomoe kiunganishi chake), bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake bila betri na uwashe. Baadhi ya ThinkPad zenye betri ya ndani zina tundu dogo sana upande wa chini kwa kazi hiyo. Chomoa chaja, bonyeza ndani kwa kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, subiri dakika moja. Hii hufanya kazi kwa sababu kichipu kinachosimamia umeme kinaweza kuganda umeme ukiyumba, na hakizinduki mpaka kikose umeme kabisa.

Ikiwaka bila betri, betri ndiyo mshukiwa. Isipowaka, endelea.

Nitajuaje kama chaja ni nzima?

Soma kwanza kilichoandikwa kwenye boksi lake, mstari wa OUTPUT. Acer, Asus na Toshiba nyingi ni 19 V na 3.42 A. Dell ni 19.5 V, ama 3.34 A ama 4.62 A. HP za zamani zaidi ni 18.5 V na 3.5 A, za baadaye 19.5 V. Lenovo ni 20 V, 3.25 A au 4.5 A. Zidisha volti kwa ampea upate wati: 19.5 mara 3.34 ni wati 65.

Weka multimita kwenye volti za DC, waya mwekundu ndani ya kichwa cha chaja, mweusi kwenye bati la nje. Isome karibu na namba ya kwenye boksi, zaidi au pungufu kwa nusu volti. Kwenye vichwa vinene vya HP na Dell kuna kijipini chembamba katikati: hicho ni cha mawasiliano, usikitegemee kwa kipimo. Gusa bati la ndani ya duara na bati la nje.

Shida ni kwamba chaja iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo, halafu huanguka mara laptopu inapoanza kuvuta. Kwa hiyo ipe mzigo. Balbu ya lori ya volti 24, wati 21, inavuta karibu ampea 0.7 kwenye volti 19. Unganisha moja, pima. Ongeza ya pili sambamba, pima tena. Kisha ya tatu. Usiunganishe zote kwa mpigo, maana balbu baridi huvuta sana mwanzoni na chaja inaweza kujikinga na kuzima. Chaja nzima ya wati 65 itabaki palepale au itashuka kidogo sana. Ikishuka chini ya 18, ikilia kama inzi au ikiwaka na kuzima, kapasita zake za ndani (vijipipa vinavyohifadhi umeme) zimekauka. Usilifungue boksi kuirekebisha: kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa, na boksi likishapasuliwa halifungi tena salama.

Sehemu nyingine ya kuchunguza ni pale waya unapoingia kwenye boksi na pale unapoingia kwenye kichwa. Ndiko hukatikia, hasa kwa wanaozungusha waya kwa kukaza kwenye boksi kila jioni.

Naweza kutumia chaja ya kampuni nyingine?

Volti zilingane (tofauti ya 19 na 19.5 haina neno. 20 kwa mashine ya 18.5 usifanye), ampea ziwe sawa au zaidi, na kichwa kiingie bila kulegea. Ampea nyingi haziui laptopu, kwa sababu laptopu huvuta inachohitaji tu. Ampea chache ndizo zinazochemsha chaja.

Dell ni wakorofi hapa. Ndani ya chaja kuna kichipu kinachojitambulisha kupitia kile kijipini cha katikati. Kijipini kikipinda, au chaja ikiwa feki, laptopu itawaka lakini itaandika kwamba haitambui aina ya chaja, itagoma kuchaji betri na itapunguza kasi ya prosesa. Watu wengi hununua betri mpya kwa kosa hili, na betri mpya nayo haichaji. Kabla ya kutoa pesa ya betri, jaribu chaja orijino ya mtu.

Na chaja za USB-C?

Kipimo cha multimita hakitakusaidia. Chaja hizo hazitoi volti 20 mpaka zielewane na laptopu. Bila makubaliano hutoa 5 au hazitoi kitu. Angalia kama boksi limeandikwa 20 V na angalau 3.25 A, na tumia waya uliokuja nayo. Chaja ya simu inaweza kuwasha taa ya laptopu na bado isichaji.

Taa ya chaja inazima nikiichomeka kwenye laptopu, nikichomoa inarudi. Chaja mbovu?

Mara nyingi hapana. Hiyo ni dalili ya shoti ndani ya laptopu: chaja inajikinga. Thibitisha kwa chaja nyingine. Nayo ikizima, acha kujaribu, maana kila jaribio linapitisha mkondo kwenye kitu kilichokwisha kuungua. Nenda kwenye swali la mazabodi hapo chini.

Haichaji mpaka nishikilie waya upande mmoja. Nifanyeje?

Ni tundu la chaja, au kichwa cha chaja, na kuvijua tofauti ni kazi ya dakika mbili: chomeka chaja nyingine. Ikiwa nayo inahitaji kushikiliwa, ni tundu. Mulika ndani kwa tochi. Plastiki iliyogeuka kahawia inaonyesha joto la mguso mbaya, na pini ya katikati iliyolegea itatikisika ukiigusa kwa kijiti cha meno (chaja ikiwa imechomolewa).

Dell Latitude nyingi na HP kadhaa zina tundu lenye waya wake mfupi unaochomekwa kwenye mazabodi. Hilo halihitaji kulehemu: skrubu moja au mbili, chomoa, chomeka jipya. Linganisha idadi ya nyaya na umbo la kiunganishi kabla ya kulipa, sio jina la laptopu peke yake, kwa sababu toleo moja linaweza kuwa na matundu mawili tofauti.

Lililolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ndilo linalowashinda wengi. Miguu yake ya hasi imeunganishwa na tabaka pana la shaba linalonyonya joto, kwa hivyo pasi ndogo ya wati 30 itachoma plastiki kabla lehemu haijayeyuka. Tumia ya wati 60 au zaidi yenye ncha pana. Paka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika), ongeza lehemu mpya juu ya ya zamani ili iyeyuke kirahisi, nyonya kwa pampu au utambi wa shaba, na usivute tundu mpaka kila mguu uwe unacheza. Ukivuta kwa nguvu unang'oa bomba la shaba ndani ya tobo, na hapo kazi rahisi imekuwa ya kuvuta nyaya za nje. Ukimaliza, pima mlio kati ya chanya na hasi kabla ya kuchomeka chaja. Multimita isilie.

Umeme wetu ukiwa mdogo jioni, ndio unaoua chaja?

Umeme mdogo unasingiziwa. Chaja nyingi zimeandikwa INPUT 100-240V, hivyo hata ukutani pakishuka hadi 170 inaendelea kufanya kazi, ila inavuta mkondo zaidi na kupata joto zaidi. Kinachoua ni kurudi kwa kishindo baada ya kukatika, na radi za masika. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tatu hadi tano.

Kuna hatari nyingine mbaya kuliko zote: waya wa nyutro kukatika kwenye nguzo. Nyumba za laini moja hushuka, za laini nyingine hupanda kuelekea volti 400. Utaona balbu zinawaka kwa ukali usio wa kawaida huku kwa jirani zikififia. Zima swichi kuu mara moja na uwapigie TANESCO. Usingoje kuhakikisha kwa kuchomeka kitu. Kifaa cha kukinga friji, kile kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kuchelewesha kurudi, kinaifaa laptopu vilevile.

Nikigusa bati la laptopu ikiwa kwenye chaji nasikia kama inatetemesha vidole. Ni hatari?

Ni mkondo mdogo sana unaovuja kupitia kapasita za kuchuja kelele ndani ya chaja. Kwa kawaida huenda ardhini kupitia pini ya tatu. Nyumba ikiwa haina waya wa ethi, au mtu amebadilisha plagi akaweka ya pini mbili, unapita kwako. Chaja nzima ikifanya hivyo haidhuru mtu, lakini inaharibu mambo ukiwa unachomeka HDMI au skrini nyingine. Rudisha plagi ya pini tatu na umwombe fundi umeme apime ethi. Ikiwa ni rusho kali la kuondoa mkono, tupa hiyo chaja.

Betri imekwisha kweli, au ni laptopu tu?

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Faili litatokea kwenye folda yako ya mtumiaji. Linganisha namba ya DESIGN CAPACITY na ya FULL CHARGE CAPACITY. Betri iliyoundwa kwa 48,000 mWh ikiwa sasa inabeba 19,000, imebaki na asilimia 40 hivi. Betri nyingi za laptopu hushuka kuelekea asilimia 80 baada ya mizunguko 300 hadi 500. Ikifika nusu, huanza kuzima ghafla huku ikionyesha bado ina asilimia 30, kwa sababu seli moja imechoka kuliko wenzake na kuanguka kabla yao.

Ikiwa imeandika kwamba imechomekwa lakini haichaji na imeganda kwenye 60 au 80, angalia mpangilio kwanza. Lenovo, Dell na Asus wana programu zinazozuia betri isijae ili idumu, na mashine zilizotoka ofisini huja na mpangilio huo ukiwa umewashwa.

Wakati wa kununua: betri za 10.8 V na 11.1 V ni kitu kimoja, zote za seli tatu mfululizo, zinaingiliana. Za 14.4 V na 14.8 V ni za seli nne, nazo zinaingiliana zenyewe kwa zenyewe. Usichanganye makundi hayo mawili hata kama umbo linaingia. Namba ya sehemu iliyo kwenye betri ya zamani ndiyo ya kwenda nayo dukani. Na omba kuiweka na kutoa ile ripoti hapohapo kabla ya kulipa. Betri iliyokaa rafuni miaka minne ni mpya kwa karatasi tu.

Iliyovimba usiitumie hata siku moja. Dalili ni padi ya kipanya kuinuka, mfuniko wa chini kuachia, laptopu kuyumba juu ya meza bapa. Izime, itoe bila kuichokoa kwa bisibisi ya chuma, iweke kwenye chombo cha bati chenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, na usiichanganye na taka za kuchomwa.

Inazima ghafla. Itakuwa nini?

Angalia inazima lini. Ukichomoa chaja: betri. Ukiisogeza: tundu, au RAM (kadi ya kumbukumbu) iliyolegea. Ikiwa na kazi nzito, feni inapiga kelele, na ukiiwasha tena mara moja inazima haraka zaidi: joto.

Joto ndilo lenye mengi huku kwetu. Vumbi la kiangazi huingia na kujikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba, likawa blanketi ambalo kupuliza kwa nje hakuliondoi. Kunalisukuma tu ndani. Ndiyo maana mashine inaweza kuvumilia Arusha kwenye baridi ya Julai, halafu ikaanza kuzima Moshi mwezi Januari. Fungua, toa feni, ondoa blanketi hilo kwa brashi, na shikilia pangaboi kwa kidole unapopuliza ili feni isizunguke kupita kiasi. Skrubu za bomba la joto zina namba. Zilegeze kwa mzunguko, kidogo kidogo. Futa pesti ya zamani (krimu ya kupitisha joto juu ya chipu) kwa aisopropili (spiriti ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele juu ya kila chipu, kaza kwa kufuata namba. Pesti nyingi hupunguza kazi yake. Pedi laini zilizo juu ya chipu nyingine zirudishe palepale, usibadilishe kwa pesti.

Pia zima laptopu kabisa kabla ya kuitia kwenye begi na kupanda bodaboda. Iliyolala tu inaweza kuamka humo ndani na kujichemsha.

Taa na feni zinawaka lakini kioo ni cheusi.

Umeme unafika, tafuta kwingine. Mulika kioo kwa tochi kwa pembeni: ukiona picha hafifu, taa ya nyuma au waya wake. Usipoona kitu, toa RAM zote, futa miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha moja katika tundu moja, kisha jaribu nyingine. Badilisha pia betri ndogo ya CR2032 ikisoma chini ya 2.7 V; baadhi ya mashine za zamani hugoma au hujiwasha na kuzima kwa ajili yake. Taa ya Caps Lock ikipepesa, hesabu mipepeso na uitafute maana yake kwa toleo lako.

Imemwagikiwa chai.

Chomoa chaja, zima kwa kukandamiza kitufe, igeuze kifudifudi, toa betri. Usiiwashe "kujaribu". Mchele hausaidii kitu: maji yatakauka yenyewe, lakini sukari na maziwa vinabaki chini ya chipu na kula shaba polepole, ndiyo maana mashine hufa wiki mbili baadaye. Inabidi ifunguliwe siku hiyohiyo au kesho yake, mazabodi ioshwe kwa aisopropili na mswaki laini, ikauke kwa saa 24.

Fundi anasema ni mazabodi. Nimuulize nini?

Muulize amepima nini. Fundi anayejua atakujibu kwa namba: volti 19 zinafika kwenye tundu, zinavuka fyuzi ya bodi, zinavuka mosfeti (swichi za kielektroniki) mbili za mwanzo, zinapita kwenye rezista ndogo iliyoandikwa R010 au R020, na kuzaa 3.3 na 5 zinazotakiwa kuwepo hata kabla ya kubonyeza kitufe. Atakuambia zinakatikia wapi. Volti 3.3 na 5 zikiwepo, kabla ya kulaumu chipu aangalie kitufe chenyewe na utepe wake. Vitufe vya zamani huchakaa.

Ikiwa ni shoti, kipimo cha omu kati ya njia ya volti 19 na hasi kitakuwa karibu na sifuri. Tahadhari moja: koili za prosesa husoma omu chache sana, wakati mwingine chini ya moja, na hiyo ni hali yake ya kawaida. Prosesa nzima zimehukumiwa kwa kipimo hicho.

Mwenye shoti mara nyingi ni kapasita ndogo ya kauri. Fundi huipata kwa kupitisha volti 1 tu, mkondo ukiwa umezuiwa kwenye ampea 3 hadi 5, kutoka kwenye pawasaplai ya mezani, akiwa amemwagia aisopropili eneo hilo: panapokauka kwanza ndipo penye ubovu. Kapasita hiyo hubadilishwa na yenye thamani ileile na volti 25 au zaidi. Anayependekeza kuioka bodi nzima kwa bloa bila kupima anakupa wiki chache za matumaini, mkatalie.

Tunatumia sola. Inveta inatosha?

Inatosha, ila inveta za bei rahisi zisizotoa mawimbi laini huifanya chaja ilie na kupata joto. Kama betri yako ya sola ni ya volti 12, njia bora ni chaja ya gari ya laptopu inayopandisha 12 hadi 19: unaruka hasara ya inveta. Laptopu ya wati 65 itavuta hadi ampea 6 hivi upande wa betri, kwa hiyo tumia waya wa milimita 2.5 za mraba na fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Mwenye UPS ndogo yenye betri ya 12 V 7 Ah ategemee karibu saa moja ya laptopu, betri ikiwa bado nzima.

Ikishindikana kabisa, mafaili yangu yamekwenda?

Hapana, kama diski haikuungua nayo. Ya SATA ya inchi 2.5 huingia kwenye kasha la USB na kusomeka kwenye kompyuta nyingine. Zile nyembamba za M.2 zina kasha lake, na ni muhimu kujua kama yako ni SATA au NVMe kabla ya kununua. Zilizolehemiwa kwenye bodi hazitoki, na hapo bodi itabidi ifufuliwe walau kwa saa moja. Ikiwa Windows ilikuwa imefunga diski kwa BitLocker, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Tafuta kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye laptopu hiyo, au kwa idara ya kompyuta ikiwa ni mashine ya kazini.